Popi Asife Kabla ya Disemba

Pasaka iliyopita tulikutana sote kwa ndugu yangu Wafula, kule Ruai, na kabla ya kukaa mezani tulizika mbwa. Alikuwa mtoto wa mbwa tu, mweupe mwenye doa kisogoni, aliyenunuliwa kwa ajili ya binti yake Naliaka, na alikuwa amehara damu tangu Alhamisi hadi akafa. Nilipofika walikuwa wameshachimba shimo nyuma ya tangi la maji. Nilimwuliza Wafula kama mbwa huyo alipata chanjo. Akasema aliyemwuzia aliapa kwamba amemchanja. Sikuendelea kumwuliza, maana mtoto alikuwa amesimama hapo. Nilimwambia tu achome gunia alilolalia, aoshe sakafu kwa ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na asilete mbwa mwingine mchanga hivi karibuni, kwa sababu ugonjwa ule hukaa udongoni muda mrefu baada ya mbwa kuondoka. Na siku atakapomleta, asimtoe nje ya lango kabla chanjo zote hazijakamilika, kwa kuwa chanjo moja haitoshi kwa mbwa mdogo. Naliaka, aniitaye senge, yaani shangazi kwa Kibukusu, alinitazama kwa macho mekundu. "Senge, wewe ulisomea wapi mambo ya mbwa?" Mimi sikupita kidato cha pili, na kila mtu katika familia anajua. Wafula ndiye aliyejibu, huku ametupa mgongo, akisawazisha udongo kwa beleshi. "Kwa Popi," akasema. Kisha tukaenda kunawa mikono, na mimi nilikula chakula chote cha siku ile bila kusikia ladha yake.

Sitaeleza hapa jinsi baba na mama walivyotutoka. Naanzia siku watu wa ukoo waliporudi kutoka mazishini wakakaa katika chumba chetu cha mtaa wa Mowlem, Nairobi, kutugawa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Chumba kilikuwa kimoja, katika ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga yenye bomba moja uani, na kilikuwa na kitanda, meza, pazia la maua lililotenga kitanda na jiko, na misumari ukutani tuliyotundikia nguo. Watu wazima walikalia kitanda na sisi tukakaa sakafuni, na walisemezana kwa Kibukusu kana kwamba sisi tuliozaliwa Nairobi hatukisikii. Mjomba wa Kitale alimtaka Nekesa, dada yangu, kwa kuwa mke wake alikuwa na watoto wachanga. Senge, dada yake baba, alimchukua Wafula aende naye Webuye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Mtu mmoja alisema, "Huyu mkubwa ana mikono, atajitafutia," na wengine wakakubali kwa kichwa, na shauri langu likaishia hapo. Walikuwa wakinywa chai niliyopika mimi.

Wafula alikuwa na miaka minane na alikuwa na mbwa, wa kahawia, masikio yamelala, aliyemwokota akiwa mdogo karibu na jaa la Dandora. Alimwita Popi, kama nusu ya mbwa wote wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji. Alipoambiwa basi halibebi mbwa aliingia chini ya meza, akamkumbatia, akakataa kutoka. Senge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alisema kama watu waliochoka wasemavyo. "Mbwa wa Nairobi hana maisha. Huyu hafikishi hata Pasaka, na Konso mwenyewe hajui atakula nini." Konso ndiye mimi. Alisema kwa Kiswahili, ili mtoto aelewe. Wafula akatoka chini ya meza akanijia mimi, si Senge. "Kama atakufa, niambie sasa," akasema. Nikamwambia hatakufa. Nikamwambia akirudi Disemba atamkuta. Senge alicheka kidogo, akasema haya, Disemba atamleta mtoto anione, na akikuta nina nyumba ambayo kitu chaweza kuishi ndani yake, tutazungumza tena. Sidhani alikusudia neno lile liwe ahadi. Mimi nililichukua kuwa ahadi. Asubuhi walipoondoka, nilikuwa na mbwa wa kumtunza hadi Disemba, na katika akili yangu ya wakati ule mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja: Popi akiwa hai, ndugu yangu atarudi, Popi akifa, nitakuwa nimewathibitishia kwamba siwezi.

Kitu ninachokikumbuka sana kuhusu majuma ya kwanza ni ugali. Mkono wangu ulikuwa umezoea unga wa watu wengi, na kila jioni nilijikuta nimesonga ugali ambao singeumaliza. Nilikaa mezani na mlima ule mbele yangu, sukuma wiki pembeni, na Popi mlangoni akiwa ametega masikio. Alikula sehemu ya walioondoka. Baadaye nilijifunza kupunguza unga, lakini sikujifunza haraka, na hata leo nikiwa peke yangu napika mwingi. Kuna siku nilizorudi kutoka kazini nikagundua kwamba sijatamka neno tangu asubuhi, na nilipomwita mbwa sauti ilitoka imekauka. Basi nikaanza kuzungumza naye kwa makusudi, kama mtu anayejizoeza. Nilimweleza nguo nilizofua, nikamtajia Wafula na Nekesa, nikamwuliza saa hii wanakula nini. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa mabati, na upande wa pili waliishi Baba Achieng', fundi wa gereji moja ya Industrial Area, na mkewe. Jioni moja niliwasikia. Baba Achieng' aliuliza yule msichana anaongea na nani. "Na mbwa," mkewe akasema. "Kwani hana mtu?" Mama Achieng' alifikiri kidogo, kijiko kikigonga sufuria. "Ana mbwa," akasema.

Kazi yangu ilikuwa kufua nguo za watu wa mtaa wa Buru Buru. Nilitoka asubuhi, nikakata mtaa wa Umoja kwa miguu, na kupita nyumba nilizozoea. Mojawapo ilikuwa ya daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo aliyeishi peke yake na paka wawili. Watu walimwita Daktari Njoki. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu hadi siku aliponikuta nikiokota mifupa ya kuku kwenye taka zake na kuifunga katika karatasi. Nilidhani atanikemea kwa kugusa taka. "Hiyo ni ya nani?" akauliza. Nikasema ya mbwa wangu. "Na huyo mbwa amekukosea nini?" Akauchukua mfupa mmoja akauvunja mbele yangu, akanionyesha ncha yake ilivyo kama sindano. Mfupa wa kuku uliopikwa, akasema, huvunjika hivyo tumboni pia. Kisha akaniuliza mbwa anafananaje, na nilipomweleza kwamba tumbo limejaa na mbavu zinahesabika, na kwamba hujiburura kwa makalio sakafuni jambo ambalo majirani waliliona la kuchekesha, akaingia ndani akaja na kidonge. Nikifiche ndani ya tonge la ugali. Na ninawe mikono kila nikimgusa, kwa sababu minyoo ile haichagui mbwa na mtu, na kama kuna watoto nyumbani waangaliwe zaidi. Nikamwambia hakuna watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti mbele ya mtu.

Tangu siku hiyo nilianza kusikiliza. Jumamosi majirani wa Daktari walileta wanyama wao kwenye mlango wa jikoni, na beseni langu lilikuwa hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo nilifua huku masikio yakiwa mlangoni. Nilisikia akimwambia bwana mmoja kwamba kushika pua ya mbwa kama imelowa hakumwambii kitu; amfunue mdomo atazame ufizi, uwe wa rangi ya waridi, na ukiwa mweupe kama karatasi asingoje kesho. Nilimsikia akimfundisha mama mmoja kuvuta ngozi ya shingo na kuiachilia: ikirudi mara moja, maji yapo mwilini; ikibaki imesimama kama hema, mbwa amekauka. Nilimsikia akigomba, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kwa sababu paka dume alikuwa ameketi mchangani akijikamua tangu jana yake, na mwenye paka akadhani ni choo kigumu akampa mafuta, kumbe mkojo ndio uliokuwa umeziba. Kila jioni niliyapeleka mambo hayo nyumbani na kuyajaribu kwa Popi. Alivumilia. Nilimfunua midomo, nikampekua kati ya vidole na nyuma ya masikio nikitafuta kupe, nikambonyeza tumbo. Nadhani alifikiri ndiyo desturi ya nyumba. Nami ninapoyatazama sasa naona kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye nilikuwa nikimgusa.

Katikati ya mwaka kulitokea habari za kichaa cha mbwa upande wa jaa, na watu wa chifu wakapita na kipaza sauti wakitangaza kwamba mbwa wote waletwe uwanja wa shule kuchanjwa, na atakayeonekana akirandaranda baada ya hapo bila kuchanjwa atauawa. Eastlands nzima haikuwa na mnyororo wa mbwa. Watu walikuja wamefunga mbwa kwa mishipi ya suruali, kwa kamba za kuruka, kwa waya za pasi zilizoungua. Mimi nilitafuta chumbani kitu kisichokatika nikakuta tai ya baba, ile ya buluu aliyovaa kanisani, nikamfunga Popi kwayo. Vijana waliokaa ukutani hawakuniacha nipite bure. "Niaje Konso, huyo wako ameandikwa kazi wapi?" Mwingine akasema, "Wacha, huyo ni pasta, anaenda kuombea wenzake." Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sababu shavu liliniuma, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Bwana aliyekuwa akichoma sindano alituambia tuliosimama karibu jambo ambalo nimelirudia kwa kila mtu tangu siku hiyo: mbwa akining'iniza taya na kudondosha mate, usitie mkono kinywani ukidhani ni mfupa umekwama. Na ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mama mmoja akauliza kama kitunguu kingefaa. Bwana yule akamtazama akasema, kwa kachumbari.

Upele ulianza baada ya mvua kwisha. Kwanza Popi alijikuna sana, kisha manyoya yakamtoka kuzunguka macho na viwikoni, na ngozi ikawa nyekundu yenye magamba. Nilimweleza Daktari, naye akasema ni wadudu wasioonekana kwa macho, kwamba pengine amewatoa kwa mbwa wa jaani, na kwamba nichome gunia analolalia, nimpe jingine na kulianika juani kila siku, nisimwache kwenda jaani. Akasema ataniletea dawa ya kumwogeshea atakaporudi kutoka safari ya kazi. Nilichoma gunia, nikamfunga Popi nyumbani kwa ile tai ya baba, na nikawa ninamwacha kivulini karibu na bomba nikienda kazini. Ploti nzima ilimwona akijikuna hapo. Sasa, watu wa gereji wana dawa yao ya upele wa mbwa, na dawa hiyo ni oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini. Mbwa wote waliolinda magereji ya Industrial Area walipakwa. Upele ulikauka kweli, au mbwa alikufa, na aliyekufa alisemwa kuwa alichelewa kupakwa. Jioni moja nilirudi mapema kidogo, jua bado liko juu ya mabati, nikamkuta Baba Achieng' amesimama uani na kopo la mafuta ya kupikia lenye oili hiyo mkononi na kitambaa, akitabasamu kama mtu aliyekuletea zawadi. Popi alikuwa mweusi kutoka shingoni hadi mkiani, aking'aa.

"Nimekusaidia, binti yangu," akasema. "Umehangaika naye peke yako. Wiki moja tu, utaona."

Alikuwa amempaka tangu mchana, alipotoka shifti. Popi alikuwa akijilamba. Nilipofika karibu niliona midomo yake imeshakuwa myeusi, na miguu ya nyuma inatetemeka, na alipojaribu kunijia alikohoa akatapika povu lenye rangi ya kutu. Nilimfunua mdomo. Ufizi ulikuwa umepauka. Mama Achieng' alitoka na kikombe cha maziwa, akasema tumnyweshe kwa nguvu atapike yote, ndivyo kwao wafanyavyo mbwa akila sumu, na mama mwingine akaenda kutafuta mayai. Watu walikuwa wema siku ile. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuwazuia. Daktari alikuwa safarini, na hakuna mtu mwingine niliyemjua. Nilisimama pale na tai ya baba mkononi, nikifungua fundo, na nikakumbuka mama mmoja wa Buru Buru ambaye paka wake alitumbukia kwenye karai la oili chini ya gari, na maneno ambayo Daktari alimwambia mlangoni huku mimi nikisuuza shuka: usimtapishe, oili ikirudi njiani itaingia mapafuni, na usikimbilie maji, maji yataisambaza, chukua unga.

Unga wangu ulikuwa ndani ya debe chini ya kitanda. Mwaka ule unga ulikuwa taabu, watu walipanga foleni madukani, na uliopatikana mara nyingi ulikuwa wa mahindi ya manjano, wenye harufu ya ghala, lakini uliliwa. Nililitoa debe uani, nikapiga magoti, nikaanza kumpaka mbwa unga kwa viganja viwili, nikiusugua hadi kwenye ngozi, nikiukung'uta umekuwa mweusi, nikichota mwingine. Watoto wa bombani waliacha kuteka maji. Kisha Mama Achieng', kikombe cha maziwa bado mkononi, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Konso. Unga? Unga wa kula?" Mtu wa nyuma akasema upweke umemharibu yule msichana kichwa. Mwingine akasema ampe yeye huo unga kama hautaki, mbwa wapo wengi. Baba Achieng' alikuwa bado ameshika kopo lake. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiliangalia, akiangalia mikono yangu, akiangalia tena kopo, na sijui ni wakati gani alielewa, ila nilisikia kopo likiwekwa chini na hatua zake zikienda. Aliporudi alikuwa na sufuria kubwa ya maji moto kutoka jikoni kwake na kipande cha sabuni. Aliyeyusha sabuni majini, akakunja mikono ya ovaroli yake, akapiga magoti upande wa pili wa mbwa.

Tulimwosha hadi maji yakaacha kuwa na upinde wa mvua juu yake. Nilimkausha kwa shati langu la shule, nikamfunga kitambaa asijilambe, nikamlaza ndani karibu na jiko, nikawa ninamtilia maji mdomoni tone kwa tone pale tu alipoweza kumeza mwenyewe. Debe lilikuwa limebaki na unga wa kupangusa. Nililala njaa, na kesho yake pia, na sikujuta, ila niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena hata nilipokuwa na watoto wangu. Nilivuta ngozi ya shingo yake kila mara. Ilisimama kama hema. Nilimwambia, kwa maneno niliyoweza, kwamba asife kabla ya Disemba. Baadaye afanye atakalo. Siku iliyofuata ngozi ilianza kurudi polepole, na siku nyingine alisimama akaenda mlangoni kukojoa kama mzee. Daktari aliporudi nilimweleza, naye akaacha kikombe chake cha chai. "Nani alikwambia habari za unga?" Nikasema yeye. "Mimi? Lini?" Nilimkumbusha yule mama wa paka. "Kumbe ulikuwa unasikiliza," akasema, akanipa dawa ya kuogeshea, na tangu siku hiyo alipokuwa akitibu mlangoni aliinua sauti kidogo. Ploti nayo ilibadilika kwa njia yake. Mama Achieng' hakuzungumza nami kwa muda mrefu, kwa sababu ya unga, na watoto waliniita Mama Popi. Baba Achieng' alianza kumsalimu mbwa kabla ya kunisalimu mimi, kwa jina, kama mtu mzima. Manyoya yalirudi, isipokuwa kiraka kimoja mgongoni.

Disemba Senge na Wafula walikuja. Nilikuwa nimesugua chumba, nimenunua nyama, nimetandika kitanda kwa shuka niliyopewa Buru Buru. Popi alipomwona Wafula getini alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa, akajirusha, na mtoto akaanguka chini naye. Nilisimama mlangoni nikingoja zamu yangu. Ilipofika, Wafula alinipa mkono. Alikuwa amerefuka, amekonda shingoni, na kila nililomwuliza alilijibu kama mgeni. Ameshiba? Ndiyo, asante. Shule? Nzuri. Aliketi ukingoni mwa kitanda alichozaliwa juu yake, mikono katikati ya magoti, akingoja kuambiwa afanye nini. Senge alitazama chumba, akatazama mbwa, akasema nimejitahidi. Kisha akala, akasifu nyama, akaenda kusalimia watu wa kwao Kariobangi, na hakutaja lolote la kuzungumza tena.

Nilikuwa ninaosha vyombo nyuma ya pazia nilipowasikia. Walikuwa wamekaa kizingitini, mtoto na mbwa, na Wafula alikuwa akisema kwa sauti ya chini, mfululizo, bila kupumzika, kama bomba lililofunguliwa. Alimwambia Popi kwamba Webuye kuna mto na kwamba alianguka humo na hakumwambia mtu. Alimwambia kwamba anachunga ng'ombe kabla ya shule na baada ya shule, na ng'ombe mmoja ana jina la baba. Alimwambia kwamba binamu zake walisema dada yake alimtoa kwa sababu chakula hakikutosha, akabaki na mbwa. Nilikuwa nimeshika sahani na maji yakinichuruzika kiwikoni. "Alikuwa anakupa chakula?" akamwuliza mbwa. "Wewe tu, ama alikuwa anataja mimi?"

Senge aliporudi jua lilikuwa linazama, na nilimkuta getini kabla hajaingia. Nilimwambia Wafula habaki kwa mapumziko tu. Anabaki. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonipa nguvu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Mbwa si mtoto, Konso."

"Najua, Senge."

"Utamlisha nini?"

"Ninachokula. Na siku sili, atajua kwamba mimi pia sijala. Huko hajui kama kuna anayekosa kula kwa sababu yake."

Alisema mimi mwenyewe ni mtoto. Alisema atawaambia nini watu nyumbani. Alisema mengi, akiwa ameshika mlingoti wa geti, na mimi nilisimama tu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza. Mwishoni alivua kitambaa cha kichwa, akajipangusa uso, akasema yeye pia ana watoto sita wa kulisha, na akaingia ndani kupanga upya mfuko wake. Alitoa humo nguo za Wafula akaziweka juu ya kitanda, moja moja, zimekunjwa vizuri.

Nilitoka nikaketi kizingitini. Wafula alikuwa amemlalia Popi tumboni, kichwa chake kikipanda na kushuka kwa pumzi ya mbwa. Nilimwambia kesho Senge anaondoka peke yake. Hakuinua kichwa. Akauliza nani amesema. Nikasema mimi. Nikamwambia pia, ingawa hakuniuliza, kwamba nilikuwa ninamtaja kila siku, kwa sauti, na kwamba watu wa upande wa pili wa mabati wanaweza kushuhudia. Nilingoja anijibu. Nilikuwa nimengoja tangu mwanzo wa mwaka, ningeweza kungoja zaidi.

Wafula alinyanyua sikio lililolala la mbwa, akalisogelea kwa mdomo.

"Umesikia, Popi?" akasema.